Daftari la Ernesta Lisilosomeka

Mwaka 1975 Ernesta alikuwa karani pekee aliyejua hatimkato katika ofisi moja mjini Biharamulo. Mtu akihutubia, yeye alichora vimistari na vinukta bila kupitwa na neno. Baadaye alijitungia na alama zake mwenyewe kwa maneno yaliyorudiwa kila mkutano: maji, shamba, kuhama. Kwake zilisomeka upesi kuliko herufi.

Mwezi Machi alifuatana na mkuu wake, Bwana Theonest, kwenye mkutano wa kuwaarifu watu kwamba watahamia kijiji kipya. Mzee Shibuda, mfugaji aliyetoka Shinyanga, alisimama akaonya kwamba huko kila kiangazi hakuna maji. Ernesta aliandika yote. Watu wakahamishwa hivyo hivyo. Agosti kisima cha kijiji kikakauka, na wakubwa wa mkoa walipokuja kuuliza, Theonest akasema hakuna aliyeonya.

Ernesta alileta daftari, akawasomea. Theonest alilichukua, akaligeuza huku na huku.

"Hii ni mikwaruzo ya kuku," alisema. "Mwenyewe anaweza kusoma lolote analotaka."

"Mimi naisoma kama wewe unavyosoma gazeti, Bwana Theonest."

Akaitwa Sista Bernadetha wa misheni, aliyesomea hatimkato. Alisoma salamu, majina, idadi ya kaya, moja kwa moja. Alipofika kwa Shibuda akakwama.

"Mzee anasema, huko kila kiangazi hakuna... halafu kuna kinukta chenye mkia. Alama hii sikufundishwa."

Kinukta kile kilikuwa maji. Ernesta alieleza, lakini maelezo yake hayakuhesabiwa ushahidi. Wakubwa wakafunga faili.

Alitoka kwa hasira, asijue amkasirikie mkuu wake au mkono wake mwenyewe. Jumapili alikwenda kwa Shibuda, ambaye ng'ombe wake sita walikuwa wamekufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Siku ile nilimaliza Kiswahili changu chote. Nikakuona unaandika, nikatulia."

"Niliandika, mzee."

Shibuda alimpa kigoda. Wakakaa pamoja wakitazama zizi.

Tangu hapo Ernesta aliandika maneno kamili, herufi kwa herufi. Wasemaji walimwacha nyuma, kurasa zikajaa sentensi zilizokatika katikati. Theonest alilalamika mara kwa mara kwamba taarifa zake zina mapengo, na kilichomuudhi zaidi Ernesta ni kwamba alisema kweli.