Salamu Zilizopandisha Kotisoli

Saa mbili kamili asubuhi, siku yangu ya kwanza katika maabara moja ya Alexandria, Marekani, mgonjwa wangu wa kwanza aliketi kitini. Nilikuwa nimeacha kuendesha teksi na kusomea kutoa damu.

Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Tulikuwa tukipima kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo, kwa amri ya ubongo. Hupanda alfajiri, hushuka jioni. Huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha hufika kwenye kiini na kuamua jeni zipi zifanye kazi. Ini hutoa sukari, uvimbe hutulia, mwili hujiweka tayari kwa vita.

Mgonjwa alikuwa Bi Mwanaisha wa Mombasa. Sukari na presha yake vilikuwa vimepanda, na daktari alishuku tezi hizo. Nami, mtu wa Tanga, nisingeweza kumchoma mtu mzima bila kumjulia hali.

"Nyumbani hawajambo? Na mkaza mwana?"

"Usinitajie huyo!" akafoka. "Pilau yangu aitia ketchup mbele ya wageni!"

Alihema hadi mshipa ukajitokeza wenyewe. Nikashukuru, nikachoma.

Majibu yakaja juu mno. Daktari akaagiza kipimo kirudiwe; kikiwa juu tena, apigwe picha ya tezi. Bima yake haikulipia picha hiyo. Bi Mwanaisha akaamini ana uvimbe wa kufisha kwenye tezi, akaanza kugawa kanga zake.

Msimamizi wa maabara, Mmarekani Mweusi aliyesoma Kiswahili chuoni na asiyedondosha kiambishi hata kimoja, akaniita.

"Ndugu Hamisi, ulimwuliza mgonjwa jambo gani?"

"Habari za nyumbani tu."

"Hasira hupandisha kotisoli. Wewe hukuzipima tezi zake. Ulimpima mkwewe."

Wiki iliyofuata nikafunga mdomo. Nilimfunga mpira mkononi, nikashika sindano.

"Hata salamu hakuna?" Bi Mwanaisha akavuta mkono. "Mwanangu, nshakuwa maiti?"

Msimamizi akatokea. "Weka sindano chini. Msalimie. Kisha apumzike nusu saa, na mkwewe asitajwe."

Nikaomba radhi, nikamwamkia. Akavuta tasbihi yake. Saa mbili na nusu nikachoma. Majibu: kawaida.

"Alhamdulillahi," akasema kwenye simu. "Sasa kanga zangu ntazidai vipi?"

Baadaye nilihamia maabara ya Hyattsville, kisha ya Columbia, mji nilikostaafu. Vijana waliokuwa chini yangu niliwafundisha hivi: salimia, mpumzishe, choma, habari za mkwe uliza baada ya plasta.

Picha isiyopigwa ingemgharimu Bi Mwanaisha dola mia nane na arobaini. Kanga, ambazo hakuna aliyezirudisha, zilikuwa za dola sitini. Aliokoa dola mia saba na themanini.