Mama Mkubwa wa Ukutani

Bibi Chokaa, binti wa Mama Ngazi aliyepaka mnara wa nyumba ya ibada akiwa na mimba ya miezi minane, na huyo Mama Ngazi binti wa Bi Kanyaga aliyekanyaga kwa miguu yake udongo wa matofali ya nyumba hiyo hiyo: huyo ndiye ninayemsimulia. Jina alilopewa siku ya kuzaliwa alikuwa nalo, ila hapo mjini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kabila lao la kazi liliitwa Watu wa Tope. Waliijenga nyumba ya ibada na hawakuruhusiwa kuiingia ila wakiwa na ndoo mkononi. Siku ya ibada walikaa nje, chini ya madirisha, wakisikiliza. Bibi Chokaa alipokuwa mtu mzima katazo lile lilikwisha, lakini benchi la mwisho lilibaki lake, na aliyekaa naye aliacha nafasi ya kumtosha mtu wa tatu.

Kila mwaka, kabla ya mvua, aliipaka nyumba ile. Ukuta wake ulikuwa laini kama yai lililomenywa, na mwenyewe alijua, hakuona sababu ya kujifanya hajui. Isipokuwa pembe moja, kando ya dirisha la tatu. Pale, mvua ikinyesha siku mbili tu, doa la unyevu lilipanda kutoka chini.

"Bibi Chokaa, ukuta wako umekojoa tena!" watu walimtania wakitoka ibadani.

"Hata wewe ulikojoa mpaka darasa la tatu. Mama yako aliniambia."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini kicheko hicho kilimuuma kila mwaka. Alikuwa fundi aliyefunzwa na fundi, na mji mzima ulimhesabu kuwa hajui kupiga lipu pembe moja. Angeweza kuiziba kwa saruji asubuhi moja tu. Hakuiziba.

Alikuwa na miaka kumi mama yake alipomwita juu ya ngazi, mahali ambapo hakuna wa kusikia, akamwambia. Bi Kanyaga alikuwa na mtoto wa kwanza, msichana wa miaka sita. Rundo la matofali lilimwangukia wakati wa ujenzi. Wazee wa nyumba ya ibada walikaa kikao, wakasema uwanja wa makaburi si wa Watu wa Tope. Bi Kanyaga alingoja mlangoni siku mbili, mtoto kafunikwa shuka. Siku ya tatu alirudi kazini kama kawaida. Pembe ile aliijenga peke yake, ukuta wa safu mbili, uwazi katikati. Hakuna mzee aliyesogea kuangalia, maana palikuwa na tope na wao walivaa viatu.

"Yule ni mama yako mkubwa," Mama Ngazi alimwambia. "Hapa usitie saruji hata siku moja. Udongo na chokaa tu, apate kupumua. Ugonge mara tatu kwa mpini wa mwiko, umwamkie, umpe habari za nyumbani."

Basi akafanya hivyo, mwaka baada ya mwaka. "Shikamoo, mama mkubwa. Nimeolewa." "Shikamoo, mama mkubwa. Mama ametutoka." Ajabu kumwamkia mtoto wa miaka sita. Ila lile doa! Mwaka wa kwanza lilimfikia Bibi Chokaa kiunoni. Alipozaa lilikuwa refu kama msichana wa kuchumbiwa. Sasa alipozeeka, doa nalo lilikuwa limeinama kidogo juu, mabega yamelegea. Asubuhi nyingine, akigonga, alisubiri zaidi ya inavyopasa. Kulikuwa na kitu kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu. Kisha hakijibu.

Mwaka huu nyumba ya ibada ilitaka kujiandikia kitabu cha historia yake. Mwandishi alikuwa mjukuu wa Bibi Chokaa, mwalimu wa shule, mwenye mwandiko mzuri na aibu nyingi. Alimsomea bibi yake ukurasa wa kwanza: "Nyumba hii ilijengwa kwa jitihada za waumini."

"Waumini gani? Bibi yangu alikaa nje."

"Bibi, sina ushahidi. Haijaandikwa popote."

"Nani angeandika? Tulikuwa tumeshika mwiko."

Mjukuu akainama. Kisha akatoa habari ya pili kama mtu anayetema mbegu: Mwenyekiti wa nyumba ya ibada ameita fundi mwingine. Kesho asubuhi pembe ile itabanduliwa na kuzibwa kwa saruji, ukuta upigwe picha ya kitabu.

Bibi Chokaa alifika kabla ya fundi. Akaegemeza mgongo kwenye doa, baridi ikampenya mpaka mbavuni.

"Mama, tupishe," Mwenyekiti alisema. "Umetuaibisha miaka yote hii, tumekuvumilia."

"Mlinivumilia nini? Ukuta huu nimeuharibu kwa makusudi, na bado ni kazi bora kuliko zote nilizofanya. Ndani yumo mtoto wa kwetu."

Akasimulia yote, mjukuu wake akiwa pale pale, kalamu mkononi, haandiki.

"Mama amezeeka," Mwenyekiti akamwambia fundi. "Gonga."

"Gonga," Bibi Chokaa naye akasema, akasogea. "Lakini taratibu. Amelala."

Tofali la tatu lilipotoka, upande wa ndani ulikuwa na alama ya kiganja, kidogo, kilichobanwa udongo ukiwa mbichi. Fundi akaingiza mkono. Akautoa haraka, akavua kofia. Kisha akatoa polepole kipande cha shuka kilichooza, na ndani yake mwiko wa mti wa kuchezea, wa kutosha mkono wa mtoto.

Mwenyekiti alikohoa. "Tutakaa kikao."

"Kilikwishakaa," alisema Bibi Chokaa. "Chimbeni."

Wakachimba kaburi, wakamzika uwanja wa makaburi, mchana ule ule. Mwenyekiti mwenyewe alishika jembe, viatu vikaingia tope. Hakuna aliyetania.

Jioni mjukuu alikaa miguuni pa bibi yake. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameuchana.

"Bibi, nitaandika jina lake. Sasa pembe ile tunaweza kuitia saruji, si ndiyo? Hayumo tena."

Bibi Chokaa alikuwa anafuta udongo kwenye mwiko wake kwa pindo la nguo.

"Nani kakwambia bibi yangu alikuwa mama peke yake aliyefiwa kwenye ujenzi ule?"

Mjukuu akavuta daftari mapajani.

"Zipo pembe tatu nyingine zenye watoto. Ndugu zao waliisha, hapakubaki wa kuzilinda, wakaja mafundi na saruji. Aliyezibwa hatoi doa. Ndiyo maana hukuwaona." Akamwekea mwiko mapajani, juu ya daftari. "Majina yao ninayo, mama yangu alinipa. Andika ninavyokutajia. Mvua zikiisha, nenda na fundi, anza na pembe ya mlangoni. Ugonge mara tatu kwanza, uwaamkie. Wamekaa muda mrefu bila kuambiwa habari."