Nilimwambia binti yangu azame: yaliyonikuta shule ya kimataifa mwambao wa Nyasa

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Nianze na aibu kabisa ili tusisumbuane huko mbele.

Mwaka jana mimi, mtu mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne cha masomo ya jioni, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba shule ya kimataifa inapima akili za watoto kwa kuwatumbukiza ziwani. Anayezama ana akili nyingi. Anayeelea, kichwa kitupu.

Cheka kwanza. Ukimaliza, endelea kusoma. Najua wapo watakaosema hii chai, ila ninayoandika yalitokea. Chumvi nimeweka kidogo tu, ya kuonja.

Mimi ni wa Maguu, Mbinga. Nalima kahawa, na msimu wa mavuno nafanya kazi kwenye mtambo wa kumenya kahawa wa chama chetu. Kituo changu ni tangi la maji. Kahawa mbivu ikimwagwa humo, nzuri inazama. Iliyotobolewa na wadudu na isiyo na kitu ndani inaelea. Mimi naengua zinazoelea.

Nimeengua miaka kumi na miwili. Nilizoengua ukizimwaga Ziwa Nyasa, Malawi wanaamka na mafuriko.

Kwa hiyo mtu akiniambia kinachoelea hakina kitu ndani, simbishii. Ndiyo kazi inayonilisha.

Sasa binti yangu Oresta, miaka kumi na moja, alipata ufadhili shule moja ya bweni ya kimataifa kule chini mwambao. Jina silitaji. Siku ya habari hiyo nilicheza mpaka kiatu kikapasuka vipande vinne.

Alipofikisha mwezi wa pili shuleni ikaingia meseji WhatsApp. Imetoka kwa Madam Skola, mwalimu wa kitengo wanachokiita Learning Support. Anasema Oresta ameanza kwenda kwenye chumba chao mara tatu kwa wiki, yeye na wenzake wanne. Mstari wa mwisho ulikuwa huu: "Tunafurahi kukujulisha kwamba sasa Oresta anaelea mwenyewe bila kushikwa."

Nilimsomea Festo, mwenzangu pale tangini. Festo akaachia chekeche likaenda na maji.

"Anaelea?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Kaka, pole sana." Akanishika bega kama tuko msibani. "Shemeji yangu anafyeka majani shule ileile. Watoto wote wanapimwa majini. Wanaoelea wanaenguliwa, wanawekwa chumba chao. Mwisho wa mwaka wanarudishwa makwao kimyakimya."



Nitoke nje ya mada kidogo. Nikiwa darasa la nne nilihamishiwa benchi la nyuma, sisi wanne tusiojua kusoma. Mwalimu hakutupiga wala hakututukana. Aliacha tu kutuuliza maswali. Miaka mitatu jina langu halikutajwa darasani isipokuwa kwenye mahudhurio. Ndiyo maana cheti nimekipata nikiwa na ndevu. Kuenguliwa nakujua, sikusimuliwa.

Mama Oresta aliposikia akasema, "Si umpigie huyo madam umuulize?"

Ushauri wa sekunde mbili. Nikaukataa. Nitaulizaje, nionekane mshamba, na kidato cha nne ninacho?

Jumapili watoto huruhusiwa kupiga simu nyumbani. Ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Eti wanawaingiza majini?"

"Ndiyo baba! Mwanzoni nilikuwa naogopa, hata kelele za mawimbi zilikuwa zinaninyima usingizi. Sasa hivi naelea mpaka madam anahesabu ishirini."

"Usielee tena."

"Kwa nini, baba?"

"Nisikilize. Jumamosi nakuja siku ya wazazi. Ukiingia majini toa pumzi yote, kaza mwili, zama. Wakuone mzito. Na usimwambie mtu, hii ni siri yetu."

"Ila baba, madam anasema..."

"Oresta."

"Ndiyo baba."

Wiki ile niliwaza watamrudisha, niliwaza atakaa benchi la nyuma kama mimi, niliwaza mpaka nikaanza kuengua kahawa nzuri nikaacha mbaya. Msimamizi akanitazama tu.

Jumamosi Festo akanipakia kwenye pikipiki yake tukateremka. Ile kona ambayo ziwa linajitokeza lote, watu husimama kupiga picha. Mimi niliona tangi. Tangi lisilo na ukingo wa pili, na mwanangu yumo.

Tukakuta wazazi wamepangiwa viti vya plastiki mchangani. Watoto kumi wako majini, maji ya kiunoni, ndani ya eneo lililozungushiwa wavu. Mwalimu wa kuogelea akanyanyua mkono, watoto wakalala chali juu ya maji. Nyuso tisa zikatazama mbinguni.

Wa kumi alikuwa bado amesimama, ananitafuta kwenye viti.

Akaniona.

Nikamtikisia kichwa: ndiyo.

Akatoa pumzi, akashuka.

Nikajisemea, safi, waone wenyewe. Nikaanza kuhesabu. Mapovu yakaja mengi, yakaja machache, yakaja mawili.

Halafu hayakuja.

Wakuu, nimewahi kukutana na chui shambani (sawa, alikuwa paka mkubwa), lakini woga wa pale sijawahi kuuona. Miguu ilikataa. Yule mtoto alikuwa amenitii kuliko nilivyotaka anitii.

Nilipokuja kupata miguu niliingia na viatu, simu na kofia. Nikakuta mwanamke mmoja ameshafika, amemkumbatia, amemnyanyua. Oresta anakohoa, maji yanamtoka puani, macho mekundu yanazunguka yananitafuta.

"Baba," akasema, "nimezama vizuri?"

Nikamfuta maji usoni kwa kofia yangu iliyolowa.

Yule mwanamke ndiye Madam Skola. Alimfunga Oresta taulo, akakaa naye mchangani mpaka pumzi ikatulia, hakumfokea hata neno moja. Ndipo akanigeukia.

"Tangu Jumapili huyu hali vizuri, halali vizuri. Nilimuuliza, akasema ni siri ya baba. Ndiyo maana leo nilisimama majini karibu naye. Siri gani, Baba Oresta?"

Nikamweleza yote. Tangi, kahawa, Festo, shemeji mfyeka majani, benchi la nyuma. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Festo naye, aliyekuwa nyuma yangu, akaanza kuchunguza tairi la pikipiki lisilo na tatizo lolote.

Nilichojifunza ni kidogo lakini kimeniuma. Ukiwa na hofu kuhusu mtoto wako shuleni, muulize anayekaa naye, achana na mtu wa tangini. Na mtoto usimbebeshe siri, kwa sababu ataibeba hata chini ya maji.

Wenye watoto wanaosoma kwa shida, mwageni uzoefu hapa chini, nasoma yote. Wenye matusi pia karibuni, ila pangeni foleni nyuma ya mke wangu, yeye bado hajamaliza zamu yake.

Maneno ya Madam Skola nayaweka kama alivyoyasema, tumekaa mchangani, viatu vyangu vinachuruzika maji, Oresta katikati yetu:

"Baba Oresta, hapa hatumwengui mtoto. Chumbani kwangu anakuja kwa sababu herufi zinamchanganya, kwa hiyo tunamfundisha kusoma kwa njia nyingine. Na majini tunamfundisha kuelea ili asife maji. Basi."