Dadu Nyekundu ya Shemeji

Yaya, dada yangu mkubwa, alirudi Kabambare kutoka masomoni Bukavu akiwa na mchezo ambao hapa kwetu hakuna aliyeujua. Mmoja anasimulia hadithi, wengine wanaingia ndani yake kama wahusika, na mhusika akijaribu jambo gumu, kama kupanda ukuta au kumdanganya mlinzi, mchezaji anarusha dadu. Si zile za kawaida za pande sita tu. Iko iliyochongoka ya pande nne, na kubwa kuliko zote ina pande ishirini. Yaya alisimulia. Mimi na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tulicheza sebuleni kwangu kila Jumapili mchana.

Shemeji anaendesha pikipiki kwenda Salamabila, akibeba wachimbaji dhahabu na mizigo yao. Alikuwa na dadu yake mwenyewe, nyekundu, aliyoinunua kwa mchuuzi kule machimboni. Ilimpa ishirini mara nyingi mno, na shujaa wake hakushindwa na chochote. Jumapili moja Yaya alikatiza hadithi.

"Unatuibia," alimwambia. "Iko namna unairusha."

"Mimi mwizi?"

Shemeji aliiacha dadu mezani, akavaa koti lake la mvua, akawasha pikipiki akaenda.

Jumapili iliyofuata hakuja. Sikutulia. Nilianza kufagia ua nikaacha katikati, nikaweka maharagwe motoni yakaungua. Kila pikipiki ikipita nilisimama mlangoni. Mume wangu alisema niache, ni mchezo tu. Lakini ndugu yake alikuwa ameitwa mwizi ndani ya nyumba yangu, na mimi nilikaa kimya nikisikiliza.

Yaya mwenyewe hakulala vizuri, nadhani, maana alimpigia simu rafiki yake wa Bukavu kumuuliza habari za dadu. Rafiki alisema tuijaribu katika maji yenye chumvi nyingi. Iliyo na uwazi ndani haitulii sawa: upande mwepesi unapanda juu kila mara.

Nilikuwa na safari ya Kasongo kumuona mama, na sikutaka kungoja tuijaribu kwanza ile nyekundu, kwa hiyo nilianza kwa kumtafutia shemeji dadu nzuri huko. Sokoni kuna mwanamke anayeuza vitabu na michezo, na alikuwa na dadu tele katika kopo. Nilizitazama moja moja juani. Niliacha zenye pande zisizolingana na zenye pembe zilizoliwa. Kisha nikaomba glasi ya maji na chumvi.

"Mama, unanunua dadu ao unapika samaki?"

"Naomba univumilie kidogo."

Niliongeza chumvi mpaka zikaelea. Nyingine nilizisukuma kwa kidole zikarudisha uso uleule, nikazitoa. Moja ya buluu ilizunguka ikaleta uso tofauti kila nilipoigusa. Nikaichukua hiyo.

Nilirudi njia yote nikiishika mfukoni. Nyumbani, kabla sijavua viatu vyenye matope, tuliitia ile nyekundu majini. Ikaja ishirini. Yaya akaisukuma, ishirini tena. Akabaki anaitazama.

"Twende kwake," alisema.

Tulimkuta akiosha pikipiki.

"Nilikuita mwizi," Yaya alimwambia. "Kumbe dadu yenyewe ndiyo mbovu. Unisamehe."

Nilitegemea atafurahi. Akaendelea kuosha gurudumu ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Basi yule mutu wangu hakuwa shujaa," alisema. "Ilikuwa plastiki."

Tukarudi, na wiki ile nzima nilikuwa nikihamisha viti sebuleni bila sababu.

Jumapili alikuja, akaketi, akaichukua ya buluu. Shujaa wake alikuwa anavuka mto. Akarusha: mbili. Yaya alisimulia polepole jinsi mguu ulivyoteleza, mkuki ukapotea, mkondo ukambeba. Shemeji aliinuka, akaizunguka meza, akaketi tena.

"Endelea," alimwambia. "Maji yamemfikisha wapi?"