Cherehani Ambayo Mama Upendo Hakuitaka

Nimelificha hili tangu miaka ya sabini, nilipokuwa nikiuza cherehani za mkopo nyumba kwa nyumba, Iringa.

Leo mchana Upendo kaja kunijulia hali. (Siku hizi hata kikombe nashikiwa.)

"Mzee, marehemu mama alikusifu! Eti ulimfuata mpaka Ilula kumpatia cherehani."

Nilimfuata, ndiyo.

Mama yake alikataa kununua. Lakini akaniandalia ugali, maana mgeni haondoki na njaa. Nikausukuma pembeni.

"Mama, sili mpaka uweke dole gumba kwenye mkataba."

Kwetu mgeni akikataa chakula chako, umeaibika. Akaweka dole. Nikala, nikashiba.

Kesho yake akaja ofisini kwetu mjini, cherehani kichwani.

"Mwanangu, nimeghairi. Ichukueni."

Nikamjibu kwamba ukishaweka dole, hakuna kurudisha. Akaniomba radhi kwa usumbufu! Akauza ng'ombe wake wa pekee, ndiye aliyewapa wanawe maziwa, ili alipe.

Leo Upendo ananishukuru, nami nimezipokea shukrani zake. Ninyi mngemwambia usoni?

Upendo, ukisoma hapa: mkataba ulimruhusu mama yako kuirudisha. Nilikijua kifungu hicho, sikumsomea.