Sekunde Nne Nilizokata

Nilirudi shule nikiwa mtu mzima. Saa ile watoto wanatoka na mabegi yao, sisi wamama ndio tulikuwa tunaingia, vidole bado ni vyeusi na utomvu wa majani chai ambao hautoki hata usugue na nini. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka mmoja na binti yangu wa kwanza. Alinipita mbali sana, na alicheka mwezi mzima.

"Mama, sasa mimi ndio nitakuwa mwalimu wako," aliniambia.

Na akawa.

Alienda chuo kusomea kompyuta. Aliporudi nyumbani, akingoja kupata kazi, alitengeneza app ya lori. Mtu ambaye hajawahi kulima chai hawezi kujua vile lori inaweza kutesa mtu. Unachuma asubuhi, unabeba gunia mpaka senta ya kupimia, halafu unangoja. Lori ya kiwanda inapita senta moja baada ya nyingine, na hakuna anayejua itafika saa ngapi. Ukienda mapema, majani yanapata joto ndani ya gunia na kuanza kuwa mekundu. Ukichelewa, unakuta tu alama za magurudumu kwa matope.

Kwa hiyo alifanya hivi. Karani wa senta ya juu, lori ikitoka kwake, anabonyeza kitufe kimoja kwa simu. Halafu simu za wamama wote wa upande wetu zinaongea. Hakutaka ziandike, alitaka ziongee. Wengi wa wamama hawasomi, na hata anayesoma, mikono yake iko kwa chai na simu iko ndani ya aproni ya nailoni.

Sauti aliweka yake mwenyewe. Siku ya kurekodi tulingoja mvua iishe, kwa sababu mabati yetu yakinyeshewa huwezi kusikia hata mtu aliye karibu. Alikaa kwa kitanda chake, akashika simu karibu na mdomo, akasema kwa Kipsigis, akianza na chamgei, salamu yetu, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mama, chamgei. Lori imetoka juu. Leta majani." Alirudia mara tatu kwa sababu sauti ilikuwa inakwaruza kidogo. Tulifikiri ni homa. Ile ya tatu ikatoka vizuri, na akasahau kuzima. Akanigeukia pale mlangoni nilipokuwa nimesimama na unga kwa mikono, akauliza, "Iko sawa, Mama?"

Nikamwambia iko sawa. Jibu langu halikuingia kwa rekodi, nilikuwa mbali. Swali lake ndilo liliingia. Nilimwambia akate hapo mwisho.

"Wacha ikae," akasema. "Itawachekesha."

Iliwachekesha kweli. Lori ikitoka, ungesikia simu zikiita kutoka shamba hadi shamba, na mwisho wa kila moja, "Iko sawa, Mama?" Na wamama kutoka katikati ya chai wanajibu kwa nguvu, "Iko sawa!" Jirani yangu, mama mjane ambaye shamba lake linapakana na letu upande wa mto, alikuwa anaongeza, "Iko sawa, lakini mwambie dereva apunguze maringo!"

Ile kukwaruza haikuwa homa. Ugali ulianza kukataa kushuka, halafu mkate, halafu hata chai ya vuguvugu. Huku kwetu ugonjwa wa koo tunaujua. Nilijua kabla daktari hajaongea, nikapiga magoti hapo hapo kwa veranda ya hospitali, watu wakanizunguka kwenda mbele.

Miezi yake ya mwisho ndiyo alinifunza. Alisema app haiwezi kuachwa bila mtu. Alichagua mimi, mama wa masomo ya jioni, badala ya kaka zake wenye vyeti. Kuongea kulikuwa kunamuumiza, kwa hiyo alikuwa ananiandikia kwa kitabu cha mazoezi, mimi nikisoma na kujaribu kwa laptop, tukiwa kwa dirisha mchana, mvua ikinyesha. Aliandika kwamba app yetu haiko kwa simu wala kwa laptop, iko kwa kompyuta za watu wengine, mbali, na watu wanaita hiyo cloud, yaani wingu. Nikamuuliza kwa nini wanaita wingu. Akaandika, "Sijui. Lakini hapa kwetu mawingu yamejaa na bado tunakodisha ya ng'ambo." Akacheka bila sauti, mabega tu.

Aliandika mambo mengi. Mawili nilipigia mstari na biro nyekundu. La kwanza: "Watu wakisema app iko slow, usikimbie kutengeneza. Pima kwanza." La pili: "Usiguse faili yoyote kabla ya kuweka kopi."

Hata alipoacha kuongea kabisa, kila siku ya kuchuma lori ilikuwa inatoka juu, na sauti yake inaita kwa vilima vyote. Yeye amelala, midomo imekauka, na huko nje anaongea. Alikuwa anafungua macho akinitazama.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mstari wa mwisho wa chai. Vitu vyake viligawanywa. Simu yake ilipewa shangazi yake mdogo, na mtu wa duka akaisafisha vizuri ikawa kama mpya. Sikufikiria chochote. Ile sauti iko kwa cloud, nilijiambia. Cloud haipotezi.

Baada ya wiki kadhaa karani wa senta yetu aliniambia wamama wameanza kuchelewa tena. Niliwauliza kanisani baada ya ibada, mmoja mmoja.

"Ile kitu imekuwa slow," mmoja akasema, akifunga kitambaa chake.

"Inachelewa sana siku hizi," mwingine akasema. Hakuniangalia.

Yule jirani yangu mjane naye akasema, "Ni netiwaki, mama. Ni netiwaki tu."

Nikapima, kama nilivyoagizwa. Nilishuka mpaka kwa mto ambako netiwaki ni mbaya zaidi, nikahesabu nikiangalia skrini tu. Sauti ilichukua sekunde kumi na moja kufika. Niliona sababu pia: kila lori ikitoka, kila simu ilikuwa inavuta faili yote upya kutoka ng'ambo, na faili yenyewe ilikuwa kubwa, imewekwa vile ilivyorekodiwa, haijafinywa. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kulikuwa na kitu kimeharibika na mimi nilijua kukitengeneza. Sikujiuliza swali moja rahisi: hizo sekunde kumi na moja zilikuwako tangu mwanzo, mbona zamani hakuna aliyelalamika?

Niliomba, nikafungua laptop. Niliandika ile code ya kufanya simu ihifadhi sauti ndani yake, isivute tena kila mara. Hiyo ilinichukua siku nne, na nilikosea mara nyingi. Halafu nikaja kwa faili yenyewe, niifinye iwe ndogo.

Lazima niseme ukweli hapa. Sikuwa nimesikiza ile sauti tangu mazishi. Simu yangu mwenyewe nilikuwa nimeinyamazisha. Lori ikitoka nilikuwa naona tu mwanga ndani ya aproni, natembea. Kwa hiyo hata siku hiyo nilizima sauti ya laptop kabisa, nikafanya kazi kwa macho. Kwa skrini sauti ni mchoro tu, inapanda na kushuka kama vilima vya Bomet ukiviangalia kutoka mbali. Niliona maneno yake, yamesimama vizuri. Baada yake niliona sehemu ndefu imelala, karibu kimya, na mwisho kabisa kibonge kidogo. Sekunde nne. Nikafikiri ni kelele ya mlango. Nikasema, hizi sekunde nne watu wanazilipia bando bure.

Nikakata. Nikahifadhi kwa jina lile lile, juu ya ile ya zamani, nikapandisha. Kopi sikuweka. Ule mstari wa biro nyekundu ulikuwa kwa kitabu hapo mezani, chini ya kikombe changu.

Kwa mto sauti ikafika kabla sijahesabu moja. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama kwa maji.

Lakini wamama waliendelea kuchelewa.

Nikafungua kumbukumbu za seva, pale inapoandika kila simu imefanya nini. Simu zilikuwa zinapokea vizuri. Lakini nyingi, karibu zote za upande wetu, zilikuwa zimebonyezwa kitufe cha app cha kunyamazisha sauti. Niliangalia tarehe. Zilianza wiki ya mazishi. Ya kwanza kwa orodha ilikuwa yangu.

Bado sikuelewa, ama sikutaka. Nilielewa siku majani ya jirani yangu yaliporudishwa.

Alikuwa amechuma tangu alfajiri, peke yake, magunia mawili. Simu yake imenyamaza, hakujua lori imetoka, akafika inaondoka. Ikabidi angoje ya jioni. Jioni karani aliingiza mkono ndani ya gunia na kuutoa haraka.

"Mama, hii imeungua. Siwezi kuchukua."

"Angalia ile ya chini."

"Ya chini ndio imeiva kabisa."

"Basi ninywe mimi," akasema, na watu wakacheka. Alimwaga yote kando ya barabara. Yalikuwa mekundu na yalitoa moshi kidogo kwa baridi.

Nikamwendea. Nilikuwa na hasira, na niliitoa kwake. "Kwa nini ulinyamazisha? Nimetengeneza wiki nzima! Sasa iko haraka, hata kabla hujapumua imefika!"

"Najua iko haraka."

"Sasa?"

Wamama wengine wakajifanya wanafunga magunia ambayo hayana kitu.

"Mama, wewe ni dada yangu kwa kanisa," akasema polepole. "Nilikusaidia kuosha mwili wa mtoto. Usinifanye niseme."

"Sema."

"Mtu akizikwa halafu usikie anakuita, huitiki. Hivyo ndivyo nilifunzwa na mama yangu, na pasta anaweza kusema vile anasema. Niko peke yangu huko chini kwa mto, ukungu umejaa, na mtoto niliyemshika mikononi ananiita mama, ati nikuje. Nitafanya nini? Na ile ya mwisho ndio ilikuwa inanimaliza. Iko sawa, Mama? Nimjibu nini? Nimwambie iko sawa?" Akafuta pua na leso. "Hatungeweza kukuambia. Tukasema netiwaki."

Mwingine nyuma akasema, kama anayenituliza, "Lakini hiyo ya mwisho umetoa, mama. Tulisikia kwa simu ya karani. Siku hizi haiulizi tena."

Nikaona ule mchoro, sehemu iliyolala, na kibonge kidogo mwisho.

Sikumbuki nikipanda kilima. Nilifungua laptop na viatu vya matope vikiwa miguuni. Nilitafuta kwa takataka ya kompyuta. Nilitafuta kwa cloud. Kuna mpango wa kuweka matoleo ya zamani ya kila faili, lakini lazima uwe umeuwasha, na hatukuwa tumeuwasha. Nilimpigia shangazi yake. "Hii simu ililetwa tupu, dada," alisema. "Hata picha haikuwa." Halafu nikawasha sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikasikiza. "Mama, chamgei. Lori imetoka juu. Leta majani." Na ikaisha hapo, safi, kama nilivyoikata.

Wale wamama alikuwa anawaita wote mama. Lakini hilo swali la mwisho lilikuwa langu. Aliniuliza mimi, nikiwa mlangoni. Nililikata kwa sababu watu waliniambia app iko slow, na app haikuwa na shida yoyote.

Mume wangu alinikuta nimekaa hapo. Alinivua viatu.

Kilichobaki cha kufanya kilikuwa wazi. Kama ningeacha sauti yake, majani ya watu yangeendelea kuoza. Kama ningeitoa, angenyamaza kila mahali. Nilifunga na kuomba siku tatu. Sikuona maono yoyote. Siku ya tatu nilikuwa na njaa tu, na nilikuwa nimeona moshi wa yale magunia.

Safari hii niliweka kopi, tatu. Halafu nikaingia kwa chumba chake alasiri, nikakaa kwa kile kitanda, nikashika simu. Sikungoja mvua iishe. Niliogopa nikingoja sitafanya. "Mama, chamgei," nikasema, na sauti yangu ni nzito, ya mtu wa shamba. "Lori imetoka juu. Leta majani." Halafu mdomo wangu, bila mimi kuuambia, ukageukia mlangoni ukauliza, "Iko sawa?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

Nilipandisha hivyo hivyo, bila kuangalia mchoro. Faili ile ya zamani niliibadilisha jina na kuitoa kwa app, ili simu zilizoihifadhi ziisahau. Juma lililofuata kwa kumbukumbu nikaona simu moja imefungua sauti, halafu tatu, halafu sikuhesabu tena.

Jirani yangu mjane hufika senta mbele ya wote sasa. Siku moja, tukingoja kupimwa, aliniambia, "Mama Kompyuta, app yako iko sawa, lakini inachelewa kuisha. Ukimaliza kuongea kuna mvua tu, mvua tu. Si ukate hapo?"

"Hapana," nikamwambia. "Wacha ikae."

Akanisaidia kuinua gunia kwa mizani.