Mkata Mawe wa Utange na Damu Iliyozuia Harusi

Saa kumi na mbili asubuhi, Ngowa Ruwa yumo ndani ya shimo la mawe, Utange. Anapiga sururu, anapuliza vumbi, anapiga tena. Kwenye mkono wake wa kushoto pana alama ndogo ya sindano, na alama hiyo nusura imnyime mke.

Machi mwaka huu wa 1962, ukuta wa shimo ulimporomokea mwenzake, Gona Nguma, ukamvunja paja. Hospitalini jamaa na wenzake waliombwa damu. Wakata mawe wenziwe wakaingia mitini.

"Nenda kwa mumiani, hao wanyonya damu, peke yako," walimwambia Ngowa. "Ukirudi umekauka kama ng'onda, tusilaumiane."

"Nikikauka mtaniloweka kwenye tembo la mnazi," akawajibu, akaenda.

Alitoa chupa moja. Gona akapona. Ngowa, ambaye alikuwa amekwisha kumposa Kafedha, dada yake Gona, akapeleka kibuyu cha tembo cha mahari. Mzee Nguma, baba wa msichana, akakirudisha bila kukifungua.

Wagiriama wajua kwa nini. Wanaume wawili wakichanjiana chale, wakala ini lililotiwa damu ya kila mmoja, huwa ndugu hadi kufa. Dada wa huyu huwa dada wa yule.

"Hawa wamechanjiana kwa sindano," asema Mzee Nguma. "Nimwoze Ngowa mwanangu, ambaye sasa ni dada yake?"

"Baba, Gona alikuwa hajifahamu," Ngowa alimjibu siku hiyo. "Hilo ini tulilila wapi?"

"Damu imepita. Ini ni kitoweo tu."

Wako wa mjini waliocheka waliposikia. Na wacheke! Mtu auenziye undugu kiasi hicho astahili heshima kuliko wao.

Kafedha hakucheka. Alimchukua baba yake hadi hospitalini, kwa Florence, muuguzi aliyeishika ile chupa.

"Kama Ngowa ni kaka yangu, nitalia ninyamaze," alimwambia njiani. "Kama siye, baba, tembo lako lachacha bure."

Florence aliwakaribisha. "Shikamoo, mzee. Damu ya Ngowa tuliipima, haikupatana na ya Gona. Gona alipewa ya mtu mwingine, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye baridi. Ya Ngowa ikawekewa wagonjwa wengine."

Akaeleza kwamba damu ikitulia chupani, maji yake ya manjano hukaa juu, na ile nzito nyekundu hukaa chini. Maji alitiwa mama mmoja wa Likoni aliyeungua moto. Ile nyekundu alipewa mzazi aliyevuja damu akijifungua.

"Majina yao?" Mzee Nguma aliuliza.

"Hatutaji, mzee."

Wakirudi nyumbani walifika Kisauni. Hapo mzee akasema, "Basi ana dada wawili asiowajua. Bahati yake hakuposa huko."

Jioni hiyo alikitaka kile kibuyu. Akatoa sharti moja: Ngowa asitoe damu tena hadi harusi ipite. "Nina watoto wengi. Sijui nani ataugua lini akatiwa damu yake."

Ngowa amekubali. Harusi itakuwa baada ya mavuno ya mahindi, kisha atarudi kwa Florence, safari hii akiwa na Gona. "Amepewa ya watu," asema, "naye atoe."

Kafedha akuna nazi mlangoni, asikiliza.

"Nami nitakwenda," asema. "Nikishaolewa, hata nikiwa dada wa Likoni nzima, nani atanirudisha?"